Tuta la Maua Chini ya Mlima Meru: Tuanze na Maji

Ifikapo katikati ya Machi, mvua ya kwanza ya masika ikishalowesha vumbi, vitalu vya miche vya kando ya barabara za Arusha hujaa wateja. Mtu anashuka kwenye gari na kuchagua kwa macho: bogenvilia ya zambarau, hibiskasi nyekundu, mawaridi matatu, agapanthasi, na kimmea chenye majani ya manjano ambacho hata muuzaji hajui jina lake. Miche inapakiwa kwenye kirikuu ikiwa inachanua ndani ya viriba vyake, na kabla ya magharibi yote imeshafukiwa mbele ya ukuta mpya, hatua moja moja, kama askari kwenye gwaride. Hadi Juni tuta linapendeza. Pita tena Oktoba: nusu imekauka, na nusu iliyosalia inakabana koo.

Nimeyaona matuta ya namna hiyo Sakina, Njiro, Moshono na Usa River, na langu lilikuwa mojawapo. Baada ya miaka ya kung'oa na kupanda upya, nashikilia jambo moja. Tuta la vichaka na maua ya kudumu katika eneo hili lipangwe kwanza kwa maji litakayopata mwezi wa kumi, na kwa ukubwa ambao mimea itakuwa nao ikitimiza miaka mitano. Rangi ya maua ije mwisho. Na anayetaka mfano wa kufuata hana haja ya kwenda mbali. Upo mlimani, kwenye migomba.

Wazo la kuchanganya vichaka na maua ya kudumu kwenye tuta moja refu lilipata umaarufu Uingereza, na jina linalotajwa sana ni la Gertrude Jekyll, aliyeishi kati ya 1843 na 1932. Tuta la kwao linaongozwa na baridi kali. Ikifika, maua ya kudumu hunyauka juu ya ardhi na mizizi hulala, vichaka hupukutisha majani, na mtunza bustani hupata miezi kadhaa ya kukata, kugawa na kupanga upya. Joto likirudi, mimea yote huanza mbio kwa pamoja, na hakuna anayemtangulia mwenzake sana.

Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi na watu huvaa makoti, lakini baridi hiyo haitoshi kulaza kichaka. Kikipata maji, kitakua miezi yote 12, na agapanthasi iliyopandwa miguuni pake haitapata hata wiki moja ya kupumua. Ndiyo maana ramani ya tuta iliyochukuliwa kwenye kitabu cha Kiingereza, hata ikichorwa vizuri namna gani, huharibika hapa ndani ya miaka miwili.

Kinachogawa mwaka wetu ni mvua. Masika ni Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kipupwe, kikavu na chenye mawingu. Septemba na Oktoba ni jua na vumbi. Vuli hufika Novemba na Desemba, mwaka mwingine ikija nusu nusu. Kisha Januari na Februari ardhi inakauka tena. Tuta la Arusha, kwa hiyo, hufunga mara mbili kwa mwaka, na mimea inayolifaa ni ile inayojua kufunga.

Kuna ua la hapa kwetu linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Wataalamu huliita skadoksasi. Kiangazi chote hulioni. Kitunguu chake kimejificha chini. Vuli ikigusa ardhi, shina nene lenye madoa hutokeza, na juu yake hufunguka mpira mwekundu wa nyuzi nyuzi, mkubwa kuliko chungwa, majani yakiwa bado yamejikunja. Baada ya siku chache mpira unafifia. Majani hubaki yakikusanya chakula hadi mvua zikate, halafu nayo hupotea. Hilo ni ua la kudumu kwa maana kamili ya neno, ila usingizi wake ni wa ukame. Aliyelipanda kati ya vichaka halimgharimu tone la maji mwezi wa Septemba, na Novemba humlipa.

Tatizo la pili ni kwamba jina Arusha linafunika hali za hewa kadhaa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, hukinga upepo unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na mvua nyingi humwagika upande wa kusini na kusini mashariki. Ilboru, Sekei na Tengeru wananufaika. Kaskazini na magharibi, kuelekea Ngarenanyuki na Oldonyosambu, ni kivuli cha mvua, na ukishuka hadi Kisongo upepo mkavu unapita bila kizuizi. Hidranjia inayostawi chini ya mti kule Ilboru itakuwa mateso matupu Kisongo, kwa mmea na kwa anayebeba ndoo. Mtu wa Kisongo aanze na mishubiri, leleshwa na rozemari, na asione kama amepewa makombo. Tuta la majani ya kijivu na maua mekundu ya mshubiri, jua la jioni likilipiga, lina uzuri ambao Ilboru hawawezi kuupata.

Kuhusu udongo tunajisifu sana, na kwa haki. Meru ni volkano, na majivu yake yamewalisha watu vizazi vingi. Lakini udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuishika fosforasi na kuinyima mizizi, kwa hiyo samadi iliyooza na mboji ni lazima hata pale panapoonekana peusi na tifutifu. Zaidi ya hapo, tuta jipya mara nyingi halipati udongo huo tunaojisifia. Linakaa mbele ya nyumba mpya, mahali ambapo fundi alichanganyia zege, akamwaga kifusi, na udongo wa juu ukazikwa chini ya ule uliochimbwa kwenye msingi. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha upime kila saa. Maji yakishuka sentimita 3 hadi 5 kwa saa, uko salama. Yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, inua tuta kwa sentimita 20 au zaidi, au chimbua uvunje tabaka gumu lililo chini. Ukikuta vipande vya saruji, vitoe kwa mkono. Kazi hii inachosha, lakini hakuna mbolea inayoweza kuchukua nafasi yake.

Hapa niseme neno kuhusu samadi, kwa sababu iliniponza. Mwaka mmoja nilinunua lori dogo la samadi kwa bei nzuri, nikaitandaza bila kuikagua. Vuli ilipofika, kati ya miche yangu yaliota majani laini yaliyochanika kama ya karoti, mamia kwa mamia, na baada ya wiki chache yakatoa vichwa vidogo vyeupe. Lilikuwa gugu karoti. Gugu hili lina asili ya Amerika ya kitropiki, limeenea Arusha tangu miaka ya 2010, na husafiri kwenye matairi, mchanga, samadi na udongo wa viriba. Huwasha ngozi, hudhuru mifugo, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Niliyang'oa kwa glavu kabla hayajachanua, misimu mitatu mfululizo. Siku hizi samadi naifunika kwa turubai na kuigeuza hadi ipate moto na kupoa, na mche unaotoka kitaluni naukagua kwanza juu ya kiriba kuona kama umebeba mgeni.

Sasa maji yenyewe. Chukua tuta la urefu wa mita 10 na upana wa mita 2.5, yaani mita za mraba 25. Mimea michanga wakati wa jua inahitaji karibu milimita 20 kwa wiki. Hiyo ni lita 500, ambazo ni ndoo 25 za lita 20, kila wiki, Septemba yote na Oktoba yote. Ajiulize mtu kabla ya kununua mche wa kwanza: ndoo hizo atazibeba nani, na zitatoka wapi wiki ambayo bomba limekauka? Upande wa pili wa hesabu unatia moyo. Paa la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 30, hupokea lita 3,000. Mvua moja nzuri ya vuli, ikiingia kwenye tangi, inamwagilia tuta hilo wiki sita ikitumika kwa mpangilio. Wengi wetu maji hayo tunayaelekeza barabarani kwa mtaro, yakaharibu njia ya jirani.

Kuna sababu nyingine ya kupenda maji ya paa: floraidi. Miamba ya Meru huitoa, na chemchemi na visima kadhaa kuuzunguka mlima hupita mara nyingi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Ngarenanyuki au Maji ya Chai yanaeleza habari hiyo bila maabara. Lisilosemwa sana ni kwamba mimea nayo huumia. Jamii ya masale ndiyo inayolalamika wazi zaidi: ncha ya jani inageuka kahawia, ukavu unashuka ukingoni taratibu, na mwenye bustani akidhani ni kiu anaongeza maji yale yale. Glayola na baadhi ya mayungiyungi pia hudhurika upesi. Mbolea za fosfeti mara nyingi hubeba floraidi ya kwao, hivyo kuzimwaga chini ya masale ni kuzidisha ugonjwa. Chokaa kidogo ya kilimo husaidia, kwa sababu udongo usio na uchachu huiachia mizizi floraidi pungufu.

Simaanishi masale yaachwe. Kwa Wachagga, jirani zetu wa upande wa Kilimanjaro, sale ni alama ya mpaka, na ni lugha ya kuomba radhi. Anayempelekea jani lake mtu aliyemkosea hujua kwamba ombi lake litasikilizwa. Mmea wenye heshima ya namna hiyo unastahili kona ya tuta. Upewe kivuli kidogo, mboji, na maji ya mvua.

Jua nalo lina hesabu yake ambayo wageni na wenyeji tunaikosea kwa pamoja. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini. Tuta lililo upande wa kusini wa ukuta mrefu litakaa kivulini kipupwe chote, likiwa na baridi na ukungu wa majani, halafu Januari litachomwa. Usipande waridi hapo. Simama mahali pa tuta lako saa sita mchana mwezi wa Julai, na tena mwezi wa Januari, ndipo utajua una tuta gani.

Nilisema mfano upo mlimani. Pita kwenye kihamba cha Mmeru au cha Mchagga ukiwa na jicho la mpangaji wa bustani. Juu kabisa kuna mringaringa au mgrevilea, majani yake yakichuja jua. Chini yake migomba. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa magimbi na majani ya ng'ombe. Majani makavu ya mgomba hayachomwi. Hutandazwa pale pale yaangukapo. Maji huja kwa mfereji wenye zamu zake. Kila mmea umewekwa kwa kujua utafika wapi, na hakuna ardhi iliyo uchi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kwenye orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia. Mimi naona ndani yake mchoro mzima wa tuta mchanganyiko: ghorofa, kivuli, matandazo, na njia ya maji iliyofikiriwa kabla ya mmea.

Tukiurudisha mchoro huo kwenye mita zetu 25, hesabu inakuwa hivi. Bogenvilia au hibiskasi iliyokomaa, hata ikipogolewa, inataka mita 2 kwa 2. Vitatu tu vinakula mita 12. Vichaka vya kati kama plumbago na rozemari, vinne, vinakula mita 6 hivi. Zinabaki mita 7, zinazotosha maua ya kudumu 25 hadi 30 kwa nafasi ya nusu mita. Ni vichaka saba! Kirikuu cha Machi huleta 20. Mwaka wa kwanza tuta lenye vichaka saba huonekana tupu, na hapo ndipo moyo hulegea na mtu anarudi kitaluni. Mwenye kihamba hafanyi hivyo. Migomba ikiwa michanga yeye hupanda maharage katikati, akavuna, akaacha mizizi ndani ya udongo. Nasi tupande maharage, mchicha au bangimwitu la manjano kwenye mapengo kwa miaka miwili, na maua ya kudumu tuyarudie rudie kwa mafungu ya matatu au matano ya aina moja, ili jicho lipate pa kutua.

Ipandwe mimea gani? Mingi tunayoiita ya kwetu ilikuja na meli. Bogenvilia na mjakaranda ni za Amerika ya Kusini, plumbago na agapanthasi ni za Afrika Kusini, rozemari ni ya pwani za Mediterania. Zimetufaa na sina ugomvi nazo. Kinachonisikitisha ni kwamba ya kwetu yamekwenda kuuzwa duniani, nasi tunayakanyaga. Impashensi, ua la kivulini linalojulikana kwenye vibaraza vya Ulaya na Marekani, ni la misitu ya Afrika Mashariki, na jina lake la kitaalamu linamkumbuka Horace Waller, mmisionari aliyekuwa rafiki wa Livingstone. Penta, yenye vichwa vya nyota ndogo za waridi na nyekundu, huota yenyewe kwenye nyasi za kwetu, na vipepeo huifuata kuliko ua lolote nililowahi kupanda. Leonotisi ina vishada vya rangi ya chungwa vilivyopangwa kwenye shina ghorofa kwa ghorofa. Leo asubuhi ndege aitwaye chozi alikuwa ameng'ang'ania shina lake, akizamisha mdomo kwenye tundu moja baada ya jingine, akilizunguka bila kuruka, na shina lilipoinama naye aliinama nalo. Ongeza senna ya maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, mishubiri, na olamuriaki ya Wamaasai, ambayo ni kichaka chenye miiba, maua meupe yenye harufu na matunda ya kula. Hapo tayari una tuta linaloweza kufunga miezi miwili bila kufa.

Miche hiyo isichimbwe msituni wala kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Penta hushika kwa kipandikizi, leonotisi kwa mbegu, na wenye vitalu wataizalisha wateja wakianza kuiulizia. Anayetilia shaka mmea asioujua ana bahati ya kuishi mji huu: hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea iko hapa hapa, kwenye taasisi iliyokuwa ikiitwa TPRI na sasa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Lantana nimeitoa kwenye tuta langu, ingawa inavutia vipepeo. Ndege hula matunda yake na kuipeleka kwenye malisho na kingo za mito, na imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Oleanda na lile ua linaloning'inia kama tarumbeta yana sumu kali. Penye watoto wanaotembea kwa kushika vitu, au mbuzi wa jirani anayeingia bila hodi, yasiwepo. Na kuhusu mbuzi, uzio utangulie tuta.

Suala la lini upande linabishaniwa sana. Uamuzi wangu ni kwamba vichaka vipandwe mwanzo wa masika, kwa sababu baada ya mvua hupata kipupwe chenye mawingu, na mizizi inakuwa na miezi mitano ya kushuka kabla ya jua la Septemba. Maua ya kudumu yasubiri vuli ya mwaka huo huo, wakati vichaka vimeshaonyesha vinaelekea wapi. Tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha shina lipumue. Mwaka wa kwanza mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki, usinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Mwaka wa pili punguza nusu. Mwaka wa tatu, kinachodai ndoo kila wiki kitolewe, hata kama ua lake ni zuri.

Kwa hiyo ukienda kitaluni Machi ijayo, nunua vichaka saba, vichanga, visivyo na ua hata moja, na umwombe muuzaji akufungulie kiriba uone kama mizizi haijajizungusha. Maua yaache kitaluni. Yatakuwepo Novemba.